Vipande Vingi, Nasaba Chache: Uhakiki wa Kipimo cha Idadi katika Urejeshaji wa Miamba ya Matumbawe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mazoea ya kupima mafanikio ya urejeshaji wa miamba ya matumbawe kwa idadi ya vipande vilivyopandwa na vilivyosalia hai. Matumbawe mengi yanayojenga miamba huzaliana kwa njia mbili: kwa kuvunjika na kujigawa, na kwa kukutana kwa mayai na mbegu za kiume. Kipimo cha idadi huiona njia ya kwanza tu. Kwa kurejelea hasa tumbawe la Acropora palmata la Karibea na Florida, makala yanaonyesha kwamba mwamba unaweza kujaa makoloni yaliyo hai na bado ukakosa uwezo wa kuzaa kizazi kipya. Makala yanapendekeza jozi ya istilahi za Kiswahili, yaani nasaba na chipukizi, na kuainisha taarifa ambazo watunga sera wa pwani ya Afrika Mashariki wanapaswa kuzidai kabla ya kuidhinisha miradi.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba inaeleza vizuri fikra iliyo nyuma ya miradi mingi ya kurejesha miamba ya matumbawe. Kipande huvunjwa kutoka koloni lililo hai, hufungwa kwenye kamba au meza ya kitalu chini ya maji, hukuzwa kwa miezi kadhaa, kisha hupandwa kwenye mwamba ulioharibika. Kazi hurudiwa mara mia, mara elfu. Ripoti inayopelekwa kwa mfadhili au wizarani huanza na hesabu: vipande vilivyopandwa ni vingapi, na vilivyo hai baada ya muda fulani ni vingapi.

Hesabu hiyo ina manufaa yake. Ni rahisi kuikusanya, mzamiaji aliyefunzwa kwa siku chache anaweza kuifanya, na inalinganishika kati ya mradi mmoja na mwingine. Tatizo lake ni kwamba haielezi kibaba kimejazwa nini. Vipande elfu moja vinaweza kuwa vimetoka kwa viumbe mia moja tofauti, au kwa kiumbe kimoja. Katika ripoti, hali hizo mbili zinaandikwa kwa tarakimu ileile. Baharini, zina mustakabali tofauti kabisa.

Udhaifu huu unaongezwa na ufupi wa ufuatiliaji. Mapitio ya kina ya Boström-Einarsson na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba asilimia 60 ya miradi iliyochunguzwa ilifuatiliwa kwa muda usiofika miezi 18. Katika muda huo kipande kinaweza kukua na kupendeza kwenye picha. Swali la kama kitazaa, na kitazaa na nani, linakuwa halijapata nafasi ya kuulizwa.

2.0 Koloni, Chipukizi na Nasaba

Tumbawe huonekana kama jiwe lenye matawi, lakini ni makazi ya maelfu ya polipu, viumbe vidogo laini vinavyojijengea mifupa ya chokaa. Polipu hujigawa, na koloni hukua. Dhoruba inapovunja tawi, tawi hilo linaweza kujishika chini na kuendelea kukua likiwa koloni linalojitegemea. Raymond Highsmith alibainisha mwaka 1982 kwamba kuvunjika huko si ajali tu. Kwa spishi kadhaa zilizo miongoni mwa wajenzi wakuu wa miamba, ni njia muhimu ya kuenea. Koloni linalotokana na tawi lililovunjika lina vinasaba vya koloni mama. Ni kloni yake.

Njia ya pili ni ya kijinsia. Kila koloni la Acropora palmata hutengeneza mayai na mbegu za kiume pia. Siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa kawaida mwezi wa Agosti, makoloni huachia kwa pamoja vifurushi vidogo vinavyoelea hadi juu ya maji na kupasuka. Jambo la kuzingatia ni kwamba yai la spishi hii ni nadra kurutubishwa na mbegu za koloni lenye vinasaba vilevile. Makoloni mawili yaliyo ndugu wa kuvunjika hayafai kuwa wazazi wenza, hata yakiwa yamekaribiana. Yai lililorutubishwa huwa lava, kiluwiluwi kinachoelea kwa siku kadhaa kabla ya kujishika mahali na kuanzisha koloni jipya lenye mchanganyiko wake wa kijenetiki.

Hata hivyo, mgawanyo huo hauko wazi katika spishi zote. Stoddart alionyesha mwaka 1983 kwamba tumbawe la Pocillopora damicornis linaweza kutoa lava zisizotokana na urutubishaji, ambazo zina vinasaba vya mzazi mmoja. Kwa hiyo hata kuonekana kwa tumbawe changa kwenye mwamba si ushahidi tosha kwamba uzazi wa kijinsia umefanyika. Macho ya mzamiaji hayawezi kuamua. Uchunguzi wa vinasaba tu ndio unaoweza.

Wanaikolojia wa mimea walikumbana na tatizo hili mapema. John Harper, katika miaka ya 1970, alisisitiza kwamba mimea inayojizidisha kwa vikonyo na machipukizi ihesabiwe katika ngazi mbili: ngazi ya kila shina linalojitegemea, na ngazi ya mashina yote yaliyotokana na mbegu moja. Kiswahili cha sayansi ya bahari bado hakina jozi iliyozoeleka ya maneno kwa ngazi hizo. Neno koloni linabeba zote mbili, na mkanganyiko wa hesabu unaanzia hapo. Makala haya yanapendekeza chipukizi kwa kila koloni linalojitegemea, na nasaba kwa jumla ya machipukizi yote yaliyotokana na yai moja lililorutubishwa. Neno la pili lina faida ya kukumbusha kwamba kinachoitambulisha nasaba ni vinasaba vyake.

Dhana yenyewe si ngeni kwa wakulima wa eneo la Maziwa Makuu. Mkulima wa Uganda, Rwanda, Burundi au Kagera aliyejaza shamba kwa machipukizi ya mgomba mmoja anajua kwamba ana mashina mengi ya mgomba uleule. Uchunguzi wa kijenetiki wa Kitavi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulifikia hitimisho kwamba ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, licha ya wingi wa majina na ladha zake, zinatokana na kloni moja ya kale iliyoenezwa kwa mikono ya wakulima. Lakini mgomba una mkulima wa kuupandikiza, kuupalilia na kuuhamisha ugonjwa unapozuka. Tumbawe kwenye mwamba wa wazi halina mlezi wa aina hiyo baada ya mradi kufungwa.

3.0 Modeli ya Williams na Sharti Lake Lililofichika

Katika kitabu chake Sex and Evolution cha mwaka 1975, George C. Williams aliwatumia matumbawe na mmea wa stroberi kujenga modeli moja. Kiumbe kilichokwisha kushika mahali hujizidisha papo hapo kwa njia isiyo ya kijinsia, kwa kuwa mahali hapo pamethibitika kumfaa. Watoto wanaopelekwa mbali hutokana na uzazi wa kijinsia, kwa kuwa huko waendako hakujulikani. Williams alifananisha jambo hilo na bahati nasibu: anayezaa kloni ni kama mtu aliyenunua tiketi moja na kuitolea nakala nyingi, ilhali anayezaa kijinsia ana tiketi chache zenye namba tofauti.

Ubora wa modeli hii ni kwamba haiitazami kloni kama kasoro. Inaeleza kwa nini viumbe vilevile vinahitaji njia zote mbili. Hata hivyo ina sharti lililofichika: kwamba njia zote mbili zinabaki wazi, na kwamba mahali palipofaa jana patafaa kesho. Bahari inapopata joto kwa kasi, hata mahali pa nyumbani panageuka ugenini. Nakala za tiketi iliyoshinda jana zinaingizwa katika droo mpya. Aidha, tiketi za namba tofauti haziwezi kuchapishwa iwapo nasaba zilizobaki ziko mbali mno kiasi kwamba mayai na mbegu zake havikutani.

4.0 Ushahidi wa Karibea

Acropora palmata, tumbawe lenye matawi mapana yaliyotandaa kama viganja, lilikuwa miongoni mwa wajenzi wakuu wa miamba ya kina kifupi katika Karibea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa utepe mweupe, pamoja na vimbunga na joto, ulilipunguza kwa kiwango kikubwa sana. Mwaka 2006 liliingizwa katika orodha ya spishi zinazolindwa na sheria ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini.

Kazi za Iliana Baums na wenzake za mwaka 2005 na 2006 zilibadili namna ya kuitazama spishi hii. Kwa kulinganisha vinasaba, watafiti hao walionyesha kwamba jamii za mashariki na za magharibi mwa Karibea zimetengana kijenetiki, na kwamba jamii za magharibi zilitegemea zaidi kuvunjika kuliko zile za mashariki. Katika baadhi ya miamba ya Florida, makoloni yote yaliyopimwa yalikuwa ya nasaba moja. Kwa hesabu ya kawaida, mwamba kama huo ulikuwa na makoloni mengi yenye afya. Kwa hesabu ya uzazi, ulikuwa na mzazi mmoja asiye na mwenza.

Utafiti wa Devlin-Durante na wenzake wa mwaka 2016 ulitumia mabadiliko madogo yanayojikusanya katika chembe za mwili kukadiria umri wa nasaba za spishi hiyo. Makadirio yalionyesha kwamba baadhi zina umri wa karne kadhaa, na huenda zikafikia maelfu ya miaka. Wanaotetea upandaji wa kloni wana haki ya kuutumia ushahidi huu. Nasaba iliyodumu kwa karne nyingi imepita katika dhoruba, magonjwa na misimu ya joto isiyohesabika, na si jambo la busara kuibeza. Lakini ushahidi huohuo unaonyesha pia kwamba katika sehemu hizo vijana wapya ni wachache. Mji ambao wakazi wake wote ni wazee unaweza kusifiwa kwa uimara wa wazee wake. Mpangaji wa mji hawezi kuridhika na sifa hiyo peke yake.

5.0 Idadi ya Wafadhili wa Vipande

Utafiti wa Shearer, Porto na Zubillaga wa mwaka 2009 ulitoa mwongozo ambao umenukuliwa mara nyingi. Kwa kutumia data za kijenetiki za matumbawe, ulionyesha kwamba vipande kutoka makoloni 10 yaliyochaguliwa bila upendeleo huhifadhi zaidi ya nusu ya uanuwai wa aleli, yaani sura mbalimbali za jeni, uliomo katika jamii ya asili. Makoloni 35 huhifadhi takriban asilimia 90.

Mwongozo huo ni wa manufaa, hasa kwa sababu unaonyesha kwamba lengo linafikika. Makoloni 35 si mengi. Lakini una mipaka miwili ambayo ripoti za miradi huisahau. Kwanza, hesabu hiyo ina maana pale tu wafadhili wa vipande wanapokuwa nasaba tofauti. Anayekata vipande kutoka makoloni 35 ya mwamba wa nasaba moja ameondoka na nasaba moja. Pili, kuhifadhi asilimia 90 ya aleli si sawa na kuhifadhi asilimia 90 ya uwezo wa kustahimili joto. Aleli adimu, ambayo huachwa kwa urahisi zaidi, yaweza kuwa ndiyo itakayohitajika. Namba 35 inafaa kusomwa kama kizingiti cha chini, si kama cheti cha mafanikio.

6.0 Florida, 2023

Majira ya joto ya mwaka 2023 yalikuja na pingamizi zito dhidi ya hoja ya makala haya. Uchunguzi wa Manzello na wenzake, uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Science, uliripoti kwamba kati ya asilimia 97.8 na 100 ya makoloni ya Acropora palmata na Acropora cervicornis yalikufa katika Florida Keys na Dry Tortugas. Spishi hizo zimetangazwa kuwa zimetoweka kiutendaji katika miamba ya Florida: makoloni machache yaliyobaki hayawezi tena kutekeleza kazi ya kujenga mwamba.

Pingamizi ni kwamba urejeshaji wa Florida haukuwa wa nasaba moja. Vitalu vyake vilitunza nasaba nyingi, na kumbukumbu za kila nasaba ziliandikwa. Kama uanuwai ni kinga, mbona haukukinga?

Jibu la kweli ni kwamba uanuwai si kinga dhidi ya joto lolote lile. Kila spishi ina ukomo wake, na joto linapouvuka ukomo wa nasaba zote, wingi wa nasaba hauokoi koloni lililo mwambani. Kudai vinginevyo ni kuwauzia watunga sera tumaini lisilo na msingi, na kuwapa kisingizio cha kuahirisha kupunguza hewa ukaa. Kinachohifadhiwa na uanuwai ni nafasi ya kuanza upya. Kwa sababu nasaba zilikuwa zimetambuliwa na nyingine kuhamishiwa kwenye matangi ya nchi kavu, baada ya msiba kulibaki wazazi wanaojulikana. Mwaka 2024 makoloni ya Acropora palmata kutoka Honduras yalipelekwa Florida na kuzalishwa pamoja na ya huko. Watoto wao walipandwa karibu na Miami mwaka 2025. Ni mapema mno kusema watadumu. Ila jaribio hilo lisingewezekana kama kilichokuwa kimetunzwa ni idadi ya vipande tu.

Lipo pia pingamizi la pili: kwamba kloni nazo hubadilika. Vasquez Kuntz na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba mabadiliko ya vinasaba yanayotokea mwilini mwa Acropora palmata yanaweza kurithishwa kwa watoto, jambo ambalo kwa wanyama wengi halikutarajiwa. Ugunduzi huo unastahili uzito. Nasaba kongwe si nakala kamilifu ya jana yake. Hata hivyo mabadiliko hayo hujikusanya polepole, na ongezeko la joto la miongo michache haliyasubiri.

7.0 Funzo kwa Pwani ya Afrika Mashariki

Miamba ya Kenya na Tanzania ilipata pigo kubwa wakati wa El Niño ya mwaka 1998, na mwaka 2024 ulimwengu ulitangaziwa tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani. Vitalu vya matumbawe vipo sasa katika pwani hii, kama vile kusini mwa Kenya katika eneo la Wasini na Mkwiro. Ni kazi inayowashirikisha wakazi ambao samaki wao hutegemea mwamba, na inastahili kupimwa kwa kipimo kinachoitendea haki.

Hali ya hapa si ya Karibea, na kunakili tahadhari za Florida bila kuzichuja ni kosa jingine. Utafiti wa van der Ven na wenzake wa mwaka 2016 kuhusu Acropora tenuis katika Afrika Mashariki ulionyesha muunganiko wa kijenetiki ulio mkubwa lakini unaotofautiana. Maana yake ni kwamba, kwa spishi hiyo, lava bado husafiri na uzazi wa kijinsia bado unafanya kazi. Upande wa pili, huko Réunion, Gélin na wenzake waliripoti mwaka 2017 kuenea kwa kloni moja kubwa ya Pocillopora damicornis. Bahari ni moja, spishi ni mbili, na hali za kijenetiki ni mbili. Sera inayosema matumbawe bila kutaja spishi haiwezi kuzitofautisha.

Liko jambo la pili linaloihusu ikweta. Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison walionyesha mwaka 2008 kwamba katika miamba ya Kenya utagaji wa matumbawe haufanyiki kwa pamoja katika usiku mchache, kama ulivyojulikana Australia, bali hutawanyika katika miezi kadhaa. Hitimisho la kisera ni zito: ikiwa katika usiku wowote ni sehemu tu ya makoloni inayoachia mayai na mbegu, basi wenza waliopo usiku huo ni wachache zaidi. Kupanda nasaba chache mahali kama hapa kunapunguza kilichokwisha kuwa kidogo. Pwani hii ina sababu ya kuwa makini na nasaba kuliko nchi ilikotoka mbinu ya vitalu.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu haukatai vitalu wala upandaji wa vipande. Unakataa kuifanya hesabu ya vipande isimame badala ya hesabu ya viumbe. Kwa washauri wa sera, mambo manne yanafuata.

(i) Kila kibali cha urejeshaji kidai taarifa ya idadi ya nasaba kwa kila spishi, kando ya idadi ya machipukizi. Pale ambapo upimaji wa vinasaba haujafanyika, ripoti iseme hivyo bayana, na itaje wafadhili wa vipande walitoka miamba mingapi na kwa umbali gani.

(ii) Kila kipande kiwe na kumbukumbu ya asili yake tangu kitaluni hadi mwambani. Gharama yake ni kibandiko na daftari. Kumbukumbu hiyo ikikosekana mwanzoni, ni vigumu na ghali kuirudisha baadaye.

(iii) Mpangilio wa upandaji uweke nasaba tofauti karibu karibu, ili mayai na mbegu vikutane. Kupanda nasaba moja kwa safu, kama shamba la mkonge, kunarahisisha kuhesabu na kunazuia kuzaa.

(iv) Ufuatiliaji ufike msimu wa kutaga, na kiashiria kimojawapo kiwe kuonekana kwa mayai ndani ya koloni. Kwa kuwa lava hazitambui mipaka, viashiria hivi vijadiliwe kwa pamoja na nchi zilizo katika Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 kuhusu bahari ya eneo hili. Uhamishaji wa matumbawe hai kati ya nchi, ambao Florida imeufanya baada ya msiba, uwekewe taratibu za afya na haki za rasilimali kabla haujahitajika kwa dharura.

Kuhusu istilahi, nasaba na chipukizi yanatolewa hapa kama pendekezo la kujadiliwa na wataalamu wa lugha na wa bahari kwa pamoja. Yakikataliwa, mengine yatafutwe. Afisa wa uvuvi anayesoma ripoti kwa Kiswahili anahitaji maneno mawili pale bahari ilipo na vitu viwili, ili aweze kumuuliza mwenye mradi vipande hivi elfu moja ni vya nasaba ngapi.